Koti la Mwalimu, Kofia ya Hamimu

Wiki nzima mmenisuta, wasomaji wangu. Mmoja amenisimamisha sokoni akaniambia mimi sina huruma hata chembe: nimemwacha Mzee Uthmani mlangoni mwa chumba cha kuoshea maiti, mikono inachuruzika maji, mdomo wazi, kisha nikaenda zangu kulala. Haya, nimekosa. Leo namwacha aseme.

"Simamisheni kila kitu," alisema Mzee Uthmani. "Huyu haiko Hamimu."

Watu wote waliojaa uani kwa Hamimu waligeuka kumtazama.

Kwa anayetukuta njiani, habari ni hii. Asubuhi ile ndege ndogo ya kwenda Kigoma ilikimbia kwenye uwanja wa Bujumbura, ikainuka kidogo tu, injini ikakohoa, ikaangukia kwenye matete na kushika moto. Ndani walikuwa watu watatu: rubani, Hamimu fundi wa magari wa Buyenzi, na Mwalimu Népomucène wa Musaga. Wawili walikufa. Mmoja alitolewa hai, kichwa kizima kimefungwa bendeji, hajasema jina lake.

Mtu wa chumba cha maiti alijikuta na maiti mbili ambazo moto ulikula nyuso zao. Akatazama nguo. Mwenye kanzu na kofia akawapa watu wa Buyenzi. Mwenye koti la kijivu akampa Marguerite, mke wa mwalimu. Hakuna aliyebisha. Kofia ile Saliha, mke wa Hamimu, aliishona kwa mkono wake mwenyewe, nyota za kijani kuizunguka, na asubuhi alimwona mumewe akitoka nayo kichwani.

"Mzee, uko unasema nini?" Rachidi, mdogo wake Hamimu, alisogea mbele. "Kofia si iko pale?"

"Kofia naiona. Lakini mi ni mutu mukubwa, usinilazimishe kusema mambo mengine mbele ya wamama."

"Sema, Mzee!"

Mzee Uthmani alitazama chini. "Huyu hajatahiriwa. Na Hamimu nilimushika mi mwenyewe siku ya kutahiriwa. Aliniuma kidole."

Bi Sikuzani, mama mzazi wa Hamimu, alikuwa amelala chini tangu asubuhi kama mtu aliyekatwa miguu. Aliinuka peke yake. Kigelegele alichokipiga kilisikika mpaka barabarani.

"Mutoto wangu muzima! Mutoto wangu muzima!"

Wanawake wakadakia. Mzee Uthmani akainua mkono wenye maji.

"Wamama, tunyamaze. Iko mutu amelala humu ndani. Naye alizaliwa na mwanamuke."

Kigelegele kikafa pale pale.

Saliha hakupiga kigelegele. Lakini alifurahi. Nasema ukweli wake hata kama mtamchukia: alifurahi mpaka akashika ukuta, na maiti ya watu iko hatua chache kutoka pale aliposimama.

Rachidi alimvuta jikoni.

"Shemeji, huyu ni Mwalimu."

"Najua."

Pale Buyenzi walijua hao wawili tu, pamoja na Hamimu. Msimu wote wa mvua Mwalimu Népomucène alikuwa amefichwa nyuma ya garaji yao, kwenye rundo la matairi. Kosa lake ni kwamba aliona kwa macho yake vijana waliochoma nyumba za jirani zake kule Musaga, na alipoulizwa, akawataja. Vita ile haikupenda watu wa namna hiyo. Saliha ndiye aliyekuwa akimpelekea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, chini ya kitambaa, na Hamimu ndiye aliyeapa kumfikisha Ujiji, kule Kigoma, kwa shangazi yake yeye Hamimu.

"Hamimu alimupa kanzu na kofia apite barieri ya barabarani," alisema Rachidi. "Hiyo naelewa."

"Basi Hamimu mwenyewe iko wapi? Na yule wa koti, ile maiti Marguerite alichukua?"

Rachidi alijipiga paji la uso. "Ni pilote, rubani! Mutu wa morgi amechanganya! Yule wa bendeji, nani alimuuliza jina? Shemeji, yule wa bendeji ni kaka!"

Saliha alikwenda chumbani, akatoa kabatini shati safi la mumewe, lile la buluu, akalitia kwenye mfuko. Mtu aliyetoka kwenye moto hawezi kurudi nyumbani na matambara.

Mzee Uthmani alimkingia njia.

"Saliha, mwanangu. Kama huyu haiko wetu, ni wa nani?"

"Rachidi atakuambia. Lakini ningoje, Mzee. Nakuomba."

"Nitamaliza kumuosha, maiti ni maiti. Nitakungoja mpaka alasiri. Ikipita alasiri, nitafanya ile ya haki. Maiti haikai, na saa ya kuvre-fe, ya kufungiwa ndani, haingoji mutu."

Bi Sikuzani alimshika Saliha miguu. "Nenda uniletee mutoto wangu."

"Nitakuletea, mama."

Aliahidi. Mniwekee neno hilo.

Hospitalini muuguzi alimwonyesha kitanda cha pembeni, karibu na dirisha. Mtu alikuwa amelala chali. Kichwa bendeji, mikono bendeji, macho yamefumbwa. Kifua kilipanda na kushuka, na Saliha alikitazama kile kifua kwa mapenzi kuliko kitu chochote alichowahi kukitazama.

"Hamimu," alisema polepole. "Ni miye. Mama yako amelia sana. Nimekuletea shimizi yako ya buluu."

Macho yakafunguka.

Yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyopauka. Macho ya Hamimu ni meusi.

"Mama," alisema yule mtu kwa sauti iliyokwaruza. "Samahani. Mi ni Adrien. Pilote."

Shati lilikuwa bado mkononi mwa Saliha. Alilikunja vizuri, akalikunja tena, kama vile kazi iliyomleta pale ilikuwa kukunja nguo.

"Wewe ni muke wa nani?" aliuliza Adrien.

"Wa fundi. Wa kofia."

Adrien alijaribu kuinua kichwa.

"Yule wa kofia," alisema, "alifanya alama ya musalaba. Tulipoanza kukimbia uwanjani niligeuka nyuma, nikamuona."

"Na yule wa koti?"

"Yule wa koti alisema Bismillahi, kwa sauti. Akacheka. Akamwambia mwenzake: Mwalimu, kama umevaa kofia yangu usifanye hiyo musalaba, utaniaibisha."

Saliha aliisikia sauti ya mumewe kabisa. Ndivyo alivyokuwa, mtani hata penye shida. Alikaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

"Kwa nini alivaa koti ya mwenzake?"

"Kwenye barieri walikuwa wanamutafuta mutu wa koti ya kijivu. Njo maana fundi akaivaa yeye. Wakamukamata, wakamupekua, wakasoma karte yake ya kitambulisho, wakaona ni mutu wa Buyenzi tu, wakamuacha. Mwalimu wakati ule alikuwa amepita zamani na kanzu. Walipofika kwa avioni yangu, kwa ndege, niliwaambia, badilisheni nguo. Fundi akasema apana, tutachelewa. Koti nitamurudishia Kigoma."

"Koti nitamurudishia Kigoma," alirudia Saliha.

"Nilivuta usukani, mama. Nilivuta kwa nguvu zote. Injini ilikataa."

Saliha hakumlaumu. Aliyemkasirikia ni Hamimu. Alimkasirikia kuliko siku zote za ndoa yao, kwamba amekuwa mwema mpaka amesahau kuna mtu anamngoja nyumbani. Kisha hasira ikaisha, kikabaki kilio, na muuguzi akaja kumshika mabega.

"Yule Mwalimu wa Musaga," Saliha aliuliza huku akijifuta, "wanamuzika kesho?"

"Apana. Mama yule alisema ni leo leo. Alikuwa na haraka, hata hakungoja padri," alijibu muuguzi.

Saliha akashtuka. Haraka ya kuzika ni yetu sisi. Watu wa Marguerite hulaza maiti, huimba, hungoja wa mbali wafike. Na leo Mkristo wa Musaga anamshinda mbio Mzee Uthmani?

Alitoka anakimbia. Kama sanduku la maiti kule Musaga litaingia ardhini, Hamimu atalala chini ya msalaba, bila sanda, bila sala, kwa jina la mtu mwingine. Hata mama yake hatajua pa kwenda kumwombea.

Dereva wa taksi alikataa Musaga. "Mama, kule siku hizi mutu anaenda, anarudi anabebwa." Wa pili alikubali kumfikisha barabara kuu tu. Saliha alipanda kilima kwa miguu yake mpaka penye wimbo wa matanga.

Getini kwa Marguerite walisimama vijana. Mmoja alikuwa na fulana ya timu ya mpira, ya njano, anatafuna karanga kutoka mfukoni. Alimtazama Saliha mtandio, akamtazama mfuko aliokuwa nao, akamwacha apite. Waombolezaji walikuwa wakimkwepa kijana huyo kama wanavyokwepa mbwa aliyelala.

Sanduku lilikuwa sebuleni, mfuniko umepigiliwa misumari.

Marguerite alipomwona Saliha alisimama. Alimkumbatia kwa nguvu, na papo hapo akamnong'oneza sikioni: "Usilie kwa sauti. Wako wanatuangalia." Akamwingiza chumbani kama mtu anayempeleka mgeni kupumzika.

"Marguerite," alianza Saliha, "mutu iko kwa sanduku..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua haiko bwana yangu. Nilimuvalisha mi mwenyewe. Mwanamuke anajua bwana yake hata kama hana uso."

Saliha akabaki anamkodolea macho.

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Nilisema, Mana yanje, Mungu wangu, umenisaidia. Wale wa pale inje wakiona sanduku, watasema Népo amekufa, wataacha kumutafuta. Mi nizike haraka, yeye aende zake. Nilifikiri huyu ni pilote, na Népo alitoka kwa moto, njo yule wa bendeji. Sikuenda kumuangalia, niliogopa watanifuata." Machozi yalimshuka Marguerite bila uso kubadilika. "Unisamehe, mama Saliha. Watu walikuwa wanaimba nyimbo za kifo, mi nilikuwa nafurahi."

Saliha alimfuta machozi kwa mtandio. Furaha ile aliijua. Alikuwa nayo mchana huo huo, ameshika ukuta.

"Huyo uliyemuvalisha," alisema, "alikuwa na alama?"

"Hapa, mukono wa kuume, chini ya kiwiko. Alama ya kuungua, ya zamani."

Rejeta. Wiki ya harusi yao Hamimu alifungua rejeta ya lori ikiwa bado inachemka, kwa sababu alikuwa anamtazama bibi harusi akipita ng'ambo ya barabara. Buyenzi nzima ilimcheka. Saliha alimpaka asali yeye mwenyewe.

"Ni Hamimu," alisema.

Marguerite alimshika mkono kumpa pole. Kisha nikwambieni, pole ile haikutoka. Alianza kufikiri. Saliha aliliona wazo likimfika, na angeweza kulizuia angelizuia.

"Kama huyu ni Hamimu," alisema Marguerite, "Népo iko wapi?"

Saliha alitafuta namna ya kusema. Hakuna namna.

"Iko kwetu. Yule wa bendeji ni pilote. Népo alikuwa na kanzu."

Marguerite aliushika ukingo wa kitenge chake akauingiza mdomoni, akauma. Sebuleni waliendelea kuimba.

"Walimuosha?" aliuliza hatimaye.

"Walimuosha."

"Vizuri?"

"Vizuri, dada. Mzee Uthmani, kwa mikono yake. Kwa maji ya uvuguvugu."

"Njo vizuri," alisema Marguerite. "Hapendi maji ya baridi."

Hapo wote wawili walilia, midomo imezibwa na nguo, wameshikana kama watoto wa tumbo moja.

"Nipe bwana yangu," alisema Saliha. "Mama yake ananingoja. Nilimuahidi."

"Nikupe namna gani? Umeona yule wa karanga? Yeye njo yule Népo alimutaja. Wakijua Népo alikufa na kanzu ya Buyenzi, watauliza nani alimuvalisha. Nani alimuficha. Garaji ya nani. Rachidi watamufanya nini?"

Saliha alijua watamfanya nini. Rachidi hakuwa na umri wa kuoa bado.

"Basi Hamimu azikwe na musalaba?"

"Leo tu. Vita itaisha siku moja, tutakuja kumutoa, mi na wewe." Marguerite alimshika uso kwa mikono miwili. "Wewe nenda umuzike wangu kule kwenu. Umusomee yenu. Mi nitamuzika wako hapa, nitamusomea yetu. Nitamutunza, mama Saliha. Kaburi yake haitakosa maua."

Ni mambo ya kuombwa mtu hayo? Saliha aliona mbele yake Bi Sikuzani amemshika miguu. Aliona pia Bi Sikuzani akiletewa mtoto wa pili, Rachidi, naye hana uso.

"Ndiyo," alisema.

Walitoka. Saliha alisimama mbele ya sanduku kama jirani yeyote aliyekuja kutoa pole. Aliweka kiganja juu ya mbao, upande wa kichwani. Alisoma Fatiha moyoni, midomo haikucheza. Akataka kumwambia Hamimu amsamehe, na kwamba asubuhi alikuwa amemnunia kwa sababu ya chai iliyomwagika, na ile haikuwa kununa kwa kweli. Yote hayo alimwambia kwa kile kiganja.

"Mama."

Kijana wa fulana ya njano alikuwa amesimama nyuma yake. Karanga zilisikika mdomoni.

"We ni mutu wa Buyenzi?"

"Ndiyo."

"Mwalimu ulimujulia wapi?"

"Sikumujua. Namujua muke yake, tunakutana soko."

"Na mufuko hii, uko na nini?"

Aliuvuta, akaufungua. Akalitoa shati la buluu, akalikunjua mbele ya watu wote.

"Shimizi ya nani?"

Kiganja cha Saliha kilikuwa bado juu ya mbao.

"Ya bwana yangu," alisema Saliha. "Nimetoka kuichukua kwa fundi cherahani."

"Bwana yako iko wapi?"

"Iko nyumbani. Muzima. Ananingojea nimupelekee."

Alilisema neno lile "muzima" bila kutetemeka. Mimi ninayewaandikia nimeshindwa hata kuliandika mara moja bila kusimama. Kijana alimtazama, akalitupa shati mabegani mwa Saliha, akacheka.

"Haya, mupelekee."

Saliha alilikunja. Akapiga hatua kuelekea getini, ya pili, ya tatu. Jua lilikuwa limeteremka. Alasiri ilikuwa imepita, na katika mambo yote yaliyompata siku ile, hilo moja hakulikumbuka.

Gari likapiga honi nje.

Ilikuwa pikapu ya garaji, ile yenye taa moja. Mbele alikaa Mzee Uthmani na kanzu yake nyeupe, amenyooka, mtu anayefanya ile ya haki. Nyuma lilikuwa jeneza la msikiti, limefunikwa kitambaa cha kijani, na juu ya kitambaa waliweka kofia yenye nyota kuizunguka.

Nyimbo zilikatika moja moja. Saliha alitikisa kichwa, alitikisa tena, macho yamemtoka. Lakini mwenye usukani alikuwa amekwisha kumwona, na alivyo mwema, alivyo mtoto, alishuka na kumkimbilia mikono imenyooka.

"Shemeji!" alilia Rachidi. "Tumemuleta Mwalimu kwao! Kaka ulimukuta?"

Kijana wa fulana ya njano aliacha kutafuna.